Qur'ani na Nadharia za Sayansi: Hoja ya Bucaille Katika Mizani

Ndugu msomaji, tangu kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille, La Bible, le Coran et la Science, kilipotoka mwaka 1976, hoja zake zimekuwa zikikaririwa katika mihadhara na midahalo. Tunamshukuru kwamba alijifunza Kiarabu ili aisome Qur'ani yenyewe, na kwamba aliwajibu wanaodai kuwa dini ni adui wa elimu. Lakini nia njema haimwepushi mtu na mizani.

Tuchukue mfano mmoja. Katika Suratudh-Dhaariyaat, aya ya 47, baada ya kutajwa kujengwa kwa mbingu linakuja neno lamuusi'uun. Bucaille anashikilia kwamba neno hili, bila utata wowote, linahusu kupanuka kwa ulimwengu. Sisi tunasema utata upo, na uko katika lugha. Ausa'a ni kupanua, na pia ni kuwa na wasaa, yaani uwezo. Imamu at-Tabari (aliyefariki 310 H/923) aliifasiri aya kwa maana ya wasaa na uwezo. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 236, al-muusi' ni mume mwenye nafasi, anayetakiwa kumliwaza mke aliyemwacha kwa kadiri ya uwezo wake. Basi maana ya kupanua yawezekana, ila kuifanya ndiyo pekee hakuna dalili. Kwa istilahi ya usuli, dalala yake ni dhanni, si qat'i.

Madhara yako wapi? Mwaka 1917 Einstein alitoa mfano wa ulimwengu uliotulia, usiopanuka. Mwaka 1929 Hubble akaonyesha kwamba kadiri galaksi zilivyo mbali nasi ndivyo zinavyozidi kwenda kasi kutuacha. Lau mfasiri wa 1917 angeifunga aya na ulimwengu uliotulia, vijana wa baada ya 1929 wangeambiwa nini? Kosa lingekuwa la mfasiri, lawama ingekiangukia Kitabu.

Mtume (s.a.w.) ametuonyesha njia. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Akawakatalia: jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Hakuiacha sababu ya kubuni isimame, ijapokuwa ilielekea kumtukuza. Naye Imamu al-Ghazali, katika Tahafutul-Falasifa, alionya kwamba anayezipinga hesabu za wanafalaki kuhusu kupatwa huku akidhani anainusuru dini, huidhuru.

Kwa hiyo tusizipinge hesabu zilizothibiti, wala tusiifanye Qur'ani mateka wa nadharia. Mwanafalaki atwambie jua hupatwa vipi na lini. Aya itukumbushe ni nani aliyeliweka katika mwendo huo. Kijana anayeamini kwa kuegemea nadharia, imani yake hutikisika nadharia inapobadilika.

Wallahu A'lam.