Kilele Hakiko Vitani

Katika simulizi ya chimbuko la Wairaqw, vita ndiyo sehemu yenye kishindo kuliko zote, na mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba kilele ni pale mapigano yanapopamba moto ataweka alama hapo bila kusita. Atakosea. Inasimuliwa kwamba huko Ma'angwatay, panapodhaniwa kuwa Kondoa ya leo, vijana walimteka Gemakw, mwana pekee wa kiongozi wao Haymu Tipe, wakampa baba sharti: awaletee adui wa kupigana naye, la sivyo mtoto auawe. Haymu Tipe akawaita Wabarbaig. Wairaqw wakauawa kwa wingi. Usiku akatoroka na mkewe, mwanawe na watu waliosalia, wakishika njia ya Guser-Twalay. Kisha Gemakw akaugua, akafa. Kabla ya mwito ule baba angeweza kukataa. Baada yake hakuna mhusika anayeamua lolote zaidi ya kukimbia. Vita, pamoja na damu yake yote, tayari ni mpomoko. Hata Gustav Freytag, Mjerumani aliyechora piramidi ya tamthilia mwaka 1863, alikiweka kilele pale mambo yanapogeuka, si panapokuwa na kelele nyingi.

Atatokea wa kusema kwamba hii ni historia, haina msuko. Yawezekana kila tukio lilitokea kweli. Lakini maradhi ya Gemakw hayakuletwa na vita. Mwandishi wa tarehe angeyataja pembeni tu. Msimulizi anayaweka mara baada ya kutoroka, na papo hapo kile kilichonunuliwa kwa roho za watu kinapotea. Ndiyo maana muundo wa msago, tukio kwa tukio, unaifaa simulizi hii. Anza kwa rejea, kaburini kwa Gemakw, na msikilizaji hatakuwa na tumaini la kunyang'anywa.

Haydom, ambako Wairaqw na Wabarbaig ni majirani, mahali pa kilele pana uzito wa ziada. Ukikiweka vitani, Mbarbaig anakuwa mhasimu mkuu. Ukikiweka kwenye uamuzi wa Haymu Tipe, Mbarbaig ni mtu aliyeitwa, na mgogoro wenyewe ni wa Wairaqw kwa Wairaqw: vijana na kiongozi wao.