Maneno Si Silabi Tupu

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Aliyejaribiwa humo ni yeye mwenyewe. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana, akazipanga kwa safu, akazikariri mpaka akaweza kuzitamka bila kuzitazama. Baadaye alijifunza tena zile zile, akapima taabu iliyopungua.

Sifa ya kitabu hiki ni kutuonyesha kuwa usahaulifu una haraka. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ya kwanza ilikuwa imepotea. Tena kinatufundisha kugawa kazi. Safu ya silabi 12 aliyoikariri mara 68 mfululizo haikumfaa kuliko ile aliyoikariri mara 38 katika muda wa siku tatu. Mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani na akumbuke kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Lugha si silabi tupu. Ebbinghaus mwenyewe alikariri pia beti za Byron, akaona zimemgharimu kiasi cha sehemu moja ya kumi ya taabu ya silabi zake. Jambo hilo kubwa hakulichunguza kwa kina.

Wanafunzi wengi huingia katika upungufu huo huo. Huandika orodha ya maneno, wakakariri mfungwa, kifungo na ufunguo kama wageni watatu wasiojuana, kumbe wote ni wa ukoo wa funga. Aliyekariri kuwa fungua ni kuacha wazi, hukwama akikuta katika mtihani mtu aliyefungua saumu au aliyefungua mashtaka. Neno analo, lakini maana imemponyoka.

Yafaa basi maneno yakusanywe kwa koo zake. Kila neno litungiwe sentensi. Kisha mwanafunzi afunike maana kwa kiganja, ajiulize, na ndipo afunue. Kesho arudie, na baada ya siku chache arudie tena.

Kwa Ebbinghaus tujifunze wakati wa kurudia. Namna ya kulielewa neno tujifunze kwa wale wanaolitumia, maana mtihani utakwisha, na haja ya kusema na watu itabaki.