Waliosimama Majini

Mgeni anayeketi katika ukumbi wa vikaragosi vya majini wa Thang Long, mjini Hanoi, Vietnam, huona joka likitema moto juu ya maji, mbweha akiwinda bata na mkulima akipanda mpunga. Asichokiona ni mtu. Huyo yuko nyuma ya pazia la mianzi, maji yamemfika kiunoni, ameshika mti mrefu unaopita chini ya maji, na nchani mwake kuna kikaragosi cha mbao laini ya mti wa jamii ya mkuyu, kilichopakwa utomvu usiopenyeza maji. Kikaragosi ni kizito, na maji humpinga kila anapokigeuza. Nyuzi za kuchezesha mikono na shingo zimezama pia, hivyo huenda kwa kupapasa huku akifuata ngoma. Sisi hucheka bata wanapokimbia. Kicheko hicho kimelipiwa kwa mabega yake.

Atatokea wa kusema kwamba siku hizi wachezeshaji wana mavazi ya mpira, na maonyesho yenyewe ni ya watalii. Ni kweli, ila mpira huzuia baridi tu, haupunguzi uzito. Sanaa hii, iliyotajwa kwenye jiwe la mwaka 1121, ililelewa na wakulima wa delta ya Mto Mwekundu, waliosimama katika madimbwi ya vijiji vyao bila kinga hiyo. Tiketi ya mtalii, basi, si aibu, ni ujira. Mwishoni wachezeshaji hutoka nyuma ya pazia, wangali majini, wakainama. Usiondoke kabla hawajatoka.