Dukuduku la Diouana

Jina la filamu ya Ousmane Sembène ya mwaka 1966, La Noire de…, linaishia kwenye zile nukta tatu ambazo darasani tulifundishwa kuziita alama ya dukuduku. Mwanamke mweusi wa… Wa wapi, au wa nani? A-unganifu yetu, kama de ya Kifaransa, hubeba asili na umiliki kwa mpigo mmoja, na Sembène ameiacha ikining'inia. Diouana, binti anayesimuliwa na filamu, ni wa Dakar. Akifika Antibes, Ufaransa, anageuka wa Madame, mwajiri wake.

Filamu nzima imejengwa juu ya alama hiyo ya dukuduku. Mbele ya waajiri wake Diouana huitikia tu, ndiyo Madame, ndiyo Monsieur. Watazamaji ndio tunaosikia sauti ya moyoni mwake ikiuliza bila kukoma: niliajiriwa kulea watoto, mbona napika na kudeki? Tena sauti yenyewe si ya Mbissine Thérèse Diop anayeigiza. Aliyeitia ni Toto Bissainthe wa Haiti. Mwili huku, sauti kule.

Kisha inafika barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma. Monsieur anamsomea, halafu anashika kalamu na kuanza kumtungia majibu kwa jina lake. Diouana anachukua barua na kuichana vipande vipande. Kwangu mimi, uzito wa filamu uko hapa, kuliko hata kwenye makaripio ya Madame, kwa sababu Monsieur si katili. Ni mpole, na upole wake ndio unaomnyang'anya binti neno la mwisho alilobaki nalo. Ofisi ngapi leo hujibu malalamiko ya ubaguzi wa rangi vivi hivi, wakubwa wakiandika taarifa na aliyedhalilishwa akaisoma ubaoni kama wengine? Diouana alihitaji kazi zake ziandikwe kwenye mkataba kabla hajapanda meli, na mtu wa kumlalamikia asiyelala nyumba ile.

Kinyago ambacho Diouana aliwapa waajiri wake kama zawadi kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, hadi siku anapokitungua na kukigombania na Madame. Baada ya Diouana kujiua, Monsieur anakirudisha Dakar pamoja na sanduku lake na mshahara. Anamnyooshea mama mtu zile noti. Mama anakataa kuzipokea.