Tahakiki ya Dhana za Uchumi wa Mikoa na Uchumi wa Nafasi: Mfano wa Kata ya Nyegina, Wilaya ya Musoma

Uchumi wa mikoa na uchumi wa nafasi ni taaluma jirani, na ni rahisi moja kuandikwa mahali pa nyingine. Kiswahili nacho huchangia mkanganyiko huo, kwani neno "eneo" hubeba dhana zote mbili. (Neno "anga" halisaidii, humpeleka msomaji mawinguni.)

Uchumi wa mikoa huanza na mpaka. Mkoa huchukuliwa kuwa umekwishakuwapo, ndipo huulizwa mapato yake, ajira zake na pengo lililopo baina yake na mikoa mingine. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania (1969–1974) uliteua miji tisa ya ukuaji. Mwanza ilikuwamo, Musoma haikuwamo.

Uchumi wa nafasi huanza na umbali. Katika kitabu cha von Thünen cha mwaka 1826 hamna mikoa, mna mji mmoja na mashamba yanayouzunguka. Krugman (1991) alikwenda mbali zaidi: sehemu mbili zilizolingana mwanzoni zaweza kuishia moja ikiwa kitovu na nyingine pembezo. Pengo ambalo taaluma ya kwanza hulipima, ya pili hulitafutia chanzo.

Kata ya Nyegina imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ilhali mji ulio karibu nayo, Musoma, una halmashauri yake. Wilaya ya Butiama ilipomegwa kutoka Musoma Vijijini mwaka 2012, wastani wa mapato ya wilaya ungeweza kupanda au kushuka pasipo mkazi yeyote kupata wala kupoteza shilingi. Umbali wa Nyegina na soko la mjini haukupungua hata hatua moja. Samuelson alifananisha gharama ya usafirishaji na barafu inayoyeyuka njiani. Kwa samaki mbichi wa Ziwa Victoria, hiyo karibu si sitiari tena.

Hata hivyo, utafiti huu haukubali kwamba uchumi wa nafasi unajitosheleza. Modeli ya Krugman haina diwani wala ushuru, ilhali fedha za umma hugawanywa kwa kufuata mipaka. Aidha, modeli hiyohiyo inatahadharisha kuwa barabara bora yaweza kuhamishia biashara mjini badala ya kuileta kijijini. Kulichunguza hilo Nyegina kunahitaji nauli, muda wa safari na bei za pande zote mbili za mpaka, na majedwali ya halmashauri moja huishia mpakani.