Celeste: Tini Iliyofumba Jicho

Nimekula ya kwanza leo alfajiri, nimesimama peku kwenye umande, na hadi naandika haya vidole bado vinanata. Jamani, Celeste!

Wengi wetu tumekua tukiijua tini kwa kuisikia katika Qurani na Biblia, au zile zilizokaushwa za Ramadhani. Mbichi, iliyoivia mtini, ni habari nyingine kabisa. Mche wangu wa Celeste niliupanda miaka miwili iliyopita nyuma ya nyumba, hapa Houston, ukiwa kijiti tu. Msimu huu umenizalia tini kumi na moja. Ni ndogo, hata yai la kuku hazifikii, za rangi ya kahawia yenye zambarau kwa mbali. Ukiipasua, ndani ni waridi. Kusini mwa Marekani huiita tini ya sukari, nami nilidhani ni maneno ya wauza miche. Sivyo! Ni utamu wa asali hasa, na ngozi laini isiyohitaji kumenywa.

Lakini kilichoniteka ni jicho. Kila tini ina kitundu chini, na kwa aina nyingi kitundu hicho hupanuka tunda likiiva: maji ya mvua yakaingia, wadudu wakaingia, tunda likachacha kabla hujalionja. Jicho la Celeste limefumba. Huku Ghuba ya Meksiko, ambako mvua za kiangazi hazibishi hodi, hiyo ni sifa ya dhahabu. Tena haimhitaji yule nyigu anayechavusha tini za namna nyingine. Mti mmoja peke yake unazaa. Na baridi inaivumilia kuliko tini nyingi.

Upe mti jua la kutwa na matandazo ya kutosha. Usiukate matawi mengi wakati wa baridi, utapoteza mazao. Katika udongo wa kichanga jihadhari na minyoo wa mizizi, hao ndio adui zake wakubwa. Na tafadhali, usichume mapema: tini ikishakatwa haiivi tena, na utomvu wake mweupe unawasha. Subiri shingo ilegee, tunda lining'inie.

Ndege nimewawahi kwa wavu. Zimebaki kumi, na ile ya tawi la chini imeanza kuinamisha shingo. Kesho alfajiri ni yake.