Heko kwa Walioacha Sigara Pamoja

Nawapongeza kwa moyo wote wanachama wa Nicotine Anonymous. Chama hiki kilianza California mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale watu waliokwisha kuachana na pombe kupitia Alcoholics Anonymous walipoitumia njia ileile ya hatua 12 dhidi ya nikotini. Hakuna kiingilio wala ada. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha tu. Dawa za hospitali zinasaidia, tena sana. Lakini ninachokienzi mimi ni ile simu: arosto ikikushika usiku, unampigia mwenzako aliyekwisha kuipitia. Hakusimangi, hakuhubirii. Mnazungumza dakika chache, na mara nyingi hamu huwa imeshapita. Hata aliyeteleza akavuta tena, kikaoni hupokewa vilevile.